Zamu ya Baridi

Mimi Oresta Swalo nikisema usiku huu barafu itashuka, itashuka. Sijisifu, ndiyo kazi yangu. Hapa Ihangala watu wakinisikia kwenye kipaza sauti hawasubiri kuthibitishiwa na mtu mwingine. Wanaacha chai mezani wanakwenda kufunika miche. Mchungaji aliwahi kulalamika kwamba waumini wananiamini mimi kuliko mahubiri. Nikamwambia, baba mchungaji, wewe shughulika na mvua za baraka, baridi niachie mimi.

Siku ile Shangazi alianza kelele hata sijamaliza ugali wangu wa mchana.

"Oresta, upepo wa kusini umekatika. Mawingu hakuna. Udongo umekauka. Usiku wa leo korongoni itakuwa nyuzi nne chini ya sifuri."

"Nne? Una hakika wewe?"

"Nimeshasema."

Shangazi ni mashine. Ni kabati la chuma lililosimama kwenye kona ya ofisi yangu, linakusanya habari kutoka kwenye vipimo vilivyochomekwa katika kila shamba, kisha linatabiri hali ya hewa ya shamba moja moja, si ya wilaya nzima kama enzi za babu zetu. Tulimpa jina hilo kwa sababu anajua mambo ya kila nyumba, hasahau, na hanyamazi. Ila hapo aliponiambia nne, nilimwamini. Upepo ukikatika baada ya siku mbili za baridi, na mbingu ikawa nyeupe pee, ardhi hulala bila blanketi. Viazi vya mbegu vilikuwa ndiyo kwanza vinatoa maua. Usiku mmoja wa namna ile ungetosha kuvipika vyote vikawa vyeusi.

Nikavaa koti zito, nikatia makaa kwenye kopo na majani mabichi juu yake, nikaanza kupanda kwenda kulikagua Pazia.

Njiani nikampita mwenyekiti wetu wa kijiji, Zabroni Nkwama, ameinama upande wa chini wa shamba lake anamalizia kujenga ukuta wa tofali. Ukuta mzuri, umenyooka, umefika kifuani.

"Kamwene, mwenyekiti! Hili ni shamba au benki?"

"Kamwene, dada Oresta." Akajinyoosha huku ameshika kiuno. "Nguruwe wa Chaula hawana adabu. Mwaka jana walinilimia bila kuwaita."

"Umependeza ukuta wako."

"Na usiku je? Shangazi anasemaje?"

"Anasema uandae kitambaa."

Zabroni akacheka mpaka mwiko ukamdondoka. Mtu wa Ihangala hahitaji kuelezwa mzaha huo, lakini mgeni lazima aelezwe. Shangazi akiona shamba fulani linapata baridi kuliko mengine, hubana Pazia upande wa shamba hilo ili kulikinga. Basi wajanja wakagundua kwamba ukikifunika kipimo chako kwa kitambaa kibichi, kinapoa kuliko hewa yenyewe. Shangazi anaingiwa na huruma, anabana Pazia upande wako, na baridi iliyokuwa yako inamwendea jirani. Nimewakamata wengi. Bingwa wao ni Zabroni. Nilimtoza faini, nikamtangaza kwenye kipaza sauti, nikamwimba mbele ya wakwe zake, na msimu uliofuata nikakuta kitambaa kingine, tena kipya, chenye maua.

Pazia lenyewe linaning'inia kwenye mdomo wa korongo, pale mlima unapofunguka kuelekea kijijini. Ni vipande vya kitambaa kizito, kila kimoja kirefu kuliko mkaratusi, vimefungwa kwenye nyaya za chuma, na kila kipande kinatazama kundi lake la mashamba. Nikaweka kopo langu chini nikapuliza makaa. Moshi haukupanda. Uliinama, ukatambaa kwenye nyasi, ukafika kwenye Pazia, ukageuka kushoto. Nikaridhika. Hewa baridi ni nzito. Usiku usio na upepo inateremka kutoka uwandani kama maji yanavyofuata mtaro. Huwezi kuiua. Unaweza tu kuielekeza, na sisi kwa mujibu wa Sheria ya Pazia tunaielekeza Shimoni, kwenye bonde dogo la kushoto ambalo kijiji kiliamua lisilimwe wala lisikaliwe milele.

Kipimo cha Shimoni kilikuwa kimenyamaza tangu masika. Nikasema nishuke nikione, maana usiku kama ule nilitaka kujua baridi inakomea wapi. Moshi wangu ukatangulia, na mimi nyuma yake.

*

Kitu cha kwanza nilichokiona Shimoni ni matuta ya viazi, ya kijani kibichi, marefu, yamepaliliwa vizuri kuliko ya kwangu. Cha pili ni nyumba ya mianzi iliyokandikwa udongo. Cha tatu ni mwanamke mwenye mtoto mgongoni, ameshika jembe, ananitazama kama mtu aliyekuwa akinisubiri na kuomba nisifike.

"Kamwene, mama," akasema taratibu.

"Kamwene. Wewe si Jenifa, mke wa Yoramu Ilomo?"

"Ndiye mimi."

"Mnafanya nini huku?"

"Tunaishi, mama."

Akanieleza bila kulia, na ningependa angelia, ningejua la kufanya. Mashamba ya baba mkwe waligawana kaka wakubwa, Yoramu akabaki na maneno matamu. Wakaomba ardhi kijijini, wakaambiwa wasubiri. Wakasubiri mpaka mimba ikawa mtoto. Masika yalipoanza wakashuka huku ambako hakuna anayekuja. Yoramu alikuwa amekwenda Mbeya kutafuta kibarua. Viazi vile ndivyo mbegu, chakula, na ada ya kuomba shamba halali mwakani.

"Na kipimo kilichokuwa hapa?"

"Tulikizika. Tuliogopa kitatusema."

Kwa sababu hiyo Shangazi hakuwajua. Shimo halimo kwenye ramani ya utabiri, na simu yao haikuwahi kupokea onyo langu hata moja.

"Jenifa, usiku wa leo kutakuwa na baridi kali."

"Najua, mama. Wazee walisema huku kuna baridi kwa asili yake. Tumekusanya nyasi za kufunikia."

"Si asili yake." Nilisikia sauti yangu imekuwa kavu. "Baridi ya hapa ni yangu. Mimi ndiye ninayeileta. Baridi ya kijiji kizima inamwagwa hapa ulipolaza huyo mtoto."

Alinitazama, halafu akaitazama njia niliyoshukia. Moshi wa kopo langu ulikuwa umeshafika kwenye matuta yake, umelala katikati ya majani, hauendi popote.

"Basi utafanyaje?" akaniuliza. Hakusema tafadhali. Aliuliza kama mtu anayemuuliza mwenye duka kama chumvi ipo.

*

Nilipokuwa napanda kurudi nilikuwa na njia mbili kichwani. Ya kwanza ni kufuata sheria: Pazia libaki limefungwa, Jenifa na mtoto niwalete kwangu walale, viazi vyake vife. Ya pili ni kulifungua Pazia nusu kimyakimya, baridi igawanyike, na asubuhi watu wakikuta majani yameungua niseme mashine ilikwama. Hakuna ambaye angejua. Na nakwambia kweli, hiyo ya pili ilinivutia sana, kwa sababu mimi peke yangu ndiye ninayeielewa mitambo ile, na watu wangemeza lolote nitakalowapa.

Lakini mtabiri akishadanganya mara moja, hata kwa huruma, basi amekwisha. Kesho ukiwaambia wafunike miche watauliza, leo ni baridi ya kweli au ya huruma?

Nikawasha kipaza sauti nikawaita watu kwenye mashine ya kusaga, jua likiwa bado liko juu ya miti. Walikuja na magunia wakidhani nagawa majani ya kufunikia. Nikawaambia yote: Jenifa, matuta, mtoto, kipimo kilichozikwa.

Kelele zikalipuka. Zabroni akanyanyua mkono.

"Tusizungushe maneno. Shimo ni shimo. Sheria tuliipitisha wenyewe, tukaipigia makofi. Akivamia mmoja leo tukamwachia, kesho watavamia kumi, na baridi itakosa pa kwenda. Mwanamke na mtoto walale kwangu, blanketi zipo. Viazi vyake tutamchangia."

"Tutamchangia lini?" nikamuuliza. "Mlimwambia asubiri ardhi. Bado anasubiri."

"Kwa hiyo unataka viazi vyetu vife?"

"Nisikilizeni. Kiazi hakifi kwa sababu kimeguswa na baridi. Kinakufa kikiguswa muda mrefu. Nyuzi nne chini zikimwagwa mahali pamoja usiku kucha, zinaua. Zikigawanywa, kila shamba likapokea kidogo kisha likafungwa likapumua, kisha jirani akapokea, majani ya juu yatakunjamana lakini shina litapona. Pazia lina vipande. Nitakuwa nafungua kimoja, nafunga, nafungua kingine, mpaka jua litoke. Shimo nalo litapata zamu yake, kama shamba lingine lolote. Ni mgowe tu. Mnapomlimia mtu shamba lake kwa pamoja hamuulizi jembe la nani limechoka. Leo tunabeba baridi kwa pamoja."

"Na tukikataa?" akauliza Chaula wa nguruwe.

"Mkikataa nafunga Pazia kama sheria inavyosema, na kesho asubuhi mtakwenda wote Shimoni kuangalia mlichokifanya. Sitamficha mtu yeyote asione."

Mashine ya kusaga ilikuwa imezimwa na unga bado ulikuwa unaelea hewani.

"Kuna jambo moja," nikaongeza. "Zamu haiwezekani mkiwa waongo. Shangazi atafunga kipande chako kulingana na kipimo chako. Atakayeweka kitambaa atakuwa anaitupa zamu yake kwa mtoto wa Jenifa. Vitambaa vyenu navijua. Vingine najua hata mlivinunua wapi."

Wakacheka, na watu wakishacheka pamoja ni vigumu kukataa. Zabroni ndiye hakucheka. Alisugua saruji iliyokauka kwenye vidole vyake.

"Sawa," akasema. "Lakini usije ukasema sikukuonya kuhusu sheria."

"Nimesikia, mwenyekiti."

*

Usiku ulikuwa kama nilivyotabiri. Nyota zilikuwa nyingi mpaka zikaudhi. Jenifa nilimlaza chumbani kwangu na mwanawe, mimi nikakaa ofisini na Shangazi, miguu ndani ya beseni la maji moto, nikivifungua na kuvifunga vipande vya Pazia. Zamu ya Chaula. Funga. Zamu ya kina Mbilinyi. Funga. Zamu ya Shimo. Kipimo cha Shimo kilikuwa kimefukuliwa jioni, kilikuwa na udongo masikioni lakini kilisema. Kila shamba lilizama chini ya sifuri kidogo, kisha likainuka. Nilitamani mwalimu wangu wa chuo anione.

"Kipimo cha Nkwama kimefika hatari," akasema Shangazi. "Nifunge?"

Nikazitazama namba zake. Zamu ya Zabroni ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, na kipimo chake kilikuwa kimeanguka kuliko vyote, chini zaidi hata ya Shimo.

"Huyo! Ameshaloweka kitambaa. Usifunge. Mpe zamu yake kamili."

"Kipimo kinaonyesha hatari, Oresta."

"Kipimo kinaonyesha tabia. Acha."

Simu ikalia. Alikuwa Zabroni, meno yanagongana.

"Dada Oresta, funga huku kwangu. Majani yanaanza kung'aa."

"Mwenyekiti, kitambaa cha leo kina maua gani?"

"Sina kitambaa. Haki ya Mungu, leo sina. Nimesimama shambani."

"Njia ya mwongo ni fupi, mwenyekiti. Wenzako wote wamevumilia zamu zao. Wewe ndiye wa kwanza kupiga simu."

Nilisikia anavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Kama wewe umesema."

Akakata. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilijisikia nimemkomesha. Zamu yake iliporudi mara ya pili kipimo kilikuwa bado kimezama, hata kabla sijafungua, nami nikasema moyoni, kumbe kitambaa kimeganda sasa, na nikafungua tena.

*

Alfajiri ilipoanza kupauka nilitoka kukagua. Kwa Chaula majani ya juu yamekunjamana, mashina mazima. Kwa kina Mbilinyi vivyo hivyo. Nikakimbia mpaka kwenye ukingo wa Shimo: matuta ya Jenifa yana weupe kwenye ncha, chini kijani. Watu walikuwa wanatoka na vikombe vya chai wananiita kwa vigelegele, mimi napunga mkono kama mbunge. Imewezekana! Baridi ya nyuzi nne imepita kijijini na haikuua shamba la mtu.

Kisha nikashuka kwa Zabroni kwenda kukikamata kitambaa.

Alikuwa ameketi juu ya ukuta wake mpya, amejifunga blanketi. Shamba lote, kuanzia pale ukutani mpaka katikati ya mteremko, lilikuwa jeupe. Si kwenye ncha. Mpaka chini. Nikashika jani, likavunjika mkononi kama biskuti, na shina chini yake lilikuwa jeusi na laini. Nikaenda kwenye kipimo. Kilikuwa kitupu. Hakikuwa na kitambaa, wala tone la maji. Kilisimama wima kimefutwa vumbi.

Nikautazama ukuta. Ulipita upande wa chini wa shamba lote, umenyooka, umefika kifuani, hauna hata tundu. Baridi yote iliyotoka kwa wenzake wa juu iliteremka kwake, ikakutana na tofali, ikajaa kama maji kwenye bwawa. Nami nilipita jana yake, mtabiri wa kata, mwenye cheti, nikausifu. Nikamwambia umependeza.

"Zabroni," nikasema. Sikuweza kumwita mwenyekiti. "Ulikuwa unasema kweli."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukunibishia? Kwa nini hukupiga tena?"

Akakohoa. "Ningelalamika mimi, kila mmoja angelalamika. Wangesema, kama mwenyekiti amejitoa, sisi ni nani. Zamu ingevunjika." Akavuta blanketi. "Halafu, dada Oresta, tuseme ukweli. Hata mimi ningekuwa wewe, nisingeniamini."

Nilikaa kwenye ukuta ule pembeni yake na nikalia, mimi ambaye sikulia hata kwenye msiba wa mama. Ningejiteteaje? Nilikuwa na namba mbele yangu. Mashine iliniuliza. Mwenye shamba alinipigia. Nilichokifuata ni sifa yake ya zamani, na sifa ya mtu haina nyuzi.

Jenifa akatokea akiteremka kwenye njia, mtoto mgongoni, ndoo kichwani. Hakujua kilichotokea mpaka alipofika kwenye weupe. Akasimama. Akalitazama shamba, akamtazama Zabroni, akateremsha ndoo. Ilikuwa imejaa viazi vidogo vya mbegu, vya akiba, vile ambavyo hakuvipanda.

"Nilikuwa nakiletea kijiji hivi viwe shukrani," akasema. "Lakini naona vimeshapata mwenyewe. Mwenyekiti, jembe lako liko wapi?"

Zabroni akanyoosha kidole kuelekea stoo.

Mimi nikarudi ofisini, nikawasha kipaza sauti kabla watu hawajatawanyika. Nikasema: jana usiku kipimo cha Zabroni Nkwama kilisema kweli, na Zabroni alisema kweli, na mtabiri wenu alikosea kwa sababu alidhani anamjua. Shamba lake limekufa kwa mkono wangu. Mgowe uko kwake sasa hivi, njooni na majembe, na mwenye nyundo aje nayo pia, kuna ukuta wa kutobolewa matundu. Nguruwe tutawatafutia dawa nyingine.

Wakaja. Walikuja wengi kuliko nilivyostahili.

Jioni upepo ukakatika tena, na mbingu ikawa nyeupe pee. Shangazi akasema nyuzi tatu chini ya sifuri, ameshasema. Nilikuwa naandaa vipande vya Pazia Zabroni aliposimama mlangoni, mikono ina udongo mpaka viwikoni.

"Dada Oresta, leo zamu inaanza kwa nani?"

"Kwangu," nikasema. "Na zamu yako ya leo yote naibeba mimi."

Akaingia, akavuta kigoda, akakaa mbele ya Shangazi, macho kwenye namba za kipimo cha shamba langu.

"Basi nitakutazamia," akasema. "Kikifika hatari nitakwambia. Uniamini."

"Nitakuamini," nikasema, nikafungua Pazia.